Kutafuta mwamba wa samaki baharini: alama za pwani au GPS?

Nahodha wa Nungwi, Zanzibar, anayetumia alama hupanga mnara wa msikiti nyuma ya mnazi mrefu uwe mstari mmoja, kisha mnara wa taa na alama nyingine upande wa pili. Mistari miwili ikikutana, anatupa nanga. Hahitaji betri. Lakini usiku, au mvua ya masika ikifunga, pwani haionekani. Na mnazi ukikatwa kupisha hoteli, alama imepotea.

GPS ya mkononi humrudisha hapo hapo, tofauti ya mita chache, hata gizani. Kinachoniuma ni kwamba namba za GPS zinazoonyesha mwamba ulipo hutumwa kwa simu, na kesho yake mashua kumi zimejaa juu yake. Alama za mzee alifundishwa mwana, safari baada ya safari. Mimi GPS ningeibeba ya kunirudisha nyumbani salama. Mwamba ningeutafuta kwa macho.