Wikiendi Tegeta na Kunduchi: tunapokula na kunywa mimi na familia yangu

Nimehamia Tegeta, huku pembezoni mwa Dar es Salaam, 2014 nikitokea Magomeni, na tangu mwaka huo kila Ijumaa jioni kuna mtu ofisini ananiuliza "wikiendi utakuja huku Masaki au utajifungia tu huko porini kwako". Nawaelewa, maana hata mi miaka miwili ya kwanza nilikua nakimbilia hukohuko, napanda gari na mama watoto tunakata foleni ya barabara ya Bagamoyo masaa mawili kwenda kula sahani ya chipsi na kuku kwa bei ya kuku mzima. Siku hizi siendi. Na kwa vile watu wanazidi kuhamia huku, Salasala, Wazo, Boko, Bunju, nimeona niandike uzoefu wangu ili mtu asipoteze miaka miwili kama nilivyopoteza mimi.

Kitu cha kwanza jueni huku kula kunaendana na saa. Ukikosea saa utasema Tegeta hakuna chakula, kumbe umechelewa tu.

Supu ni Jumamosi asubuhi. Nikisema asubuhi namaanisha saa moja, mwisho saa tatu. Kuna vibanda kibao kuanzia Kibaoni ukishuka hadi Nyuki, ila mimi nina mama mmoja ambaye makongoro yake, ile miguu ya ng'ombe, anaweka motoni toka usiku, jiko la mkaa, moto mdogo, mpaka asubuhi kano linaachia lenyewe kwenye mfupa. Utaijua makongoro iliyoiva kwa midomo, ukinywa vijiko vitatu midomo inaanza kunata. Ile ambayo ni maji ya moto yenye chumvi na royco hainati hata uinywe bakuli zima. Bakuli kwake elfu tatu, chapati mia tano, ndimu na pilipili mbuzi ziko mezani unajikamulia mwenyewe. Saa nne ukifika unakuta anaosha sufuria, na hakuna kumbembeleza, imeisha imeisha. Pembeni yake kuna mtori pia kama hutaki mifupa, mzito, ndizi zimepondwa vizuri, mwanangu wa mwisho huo ndo anakunywa tangu ana mwaka mmoja.

Sasa tuje kwenye samaki, na hapa naomba mnivumilie maana hili ndo jambo ninalolipenda kuliko yote ya huku.

Kutoka Tegeta unarudi mpaka Mtongani, unakata kuelekea baharini, boda buku au buku jero kutegemea na mlivyoelewana, unashukia Kunduchi pwani pale boti zinapoingia. Sio sehemu ya kupiga picha. Ni pwani ya kazi, kuna matope, kuna magamba, kuna watu wanapiga kelele za mnada, na harufu unaikuta kabla hujafika, kwahiyo vaa ndala na usiende na nguo ya kanisani. Boti zinaingia asubuhi na wanaouza kwa jumla wanachukua mwanzo, sisi wa kula nyumbani tunanunua fungu kwa wachuuzi waliokaa na meza zao. Changu, tasi, kolekole, vibua, ngisi, pweza, siku ukibahatika unapata jodari wa kukata vipande. Mara ya mwisho nilipata fungu la changu wanne wa saizi ya kiganja kwa elfu kumi, na hapo nilianza kuambiwa kumi na tano.

Nilipokua mgeni nilikua naangalia ukubwa tu. Mzee mmoja pale, nilimpa shikamoo akaniona natoa hela kwa samaki wa jana, akanivuta pembeni akanifundisha kwa dakika mbili. Fungua mashavu uone wekundu, kama yamekua ya kahawia achana nae. Angalia jicho, liwe limetuna na linang'aa, likizama ndani na kuingia ukungu huyo amelala. Bonyeza mgongoni kwa kidole, nyama irudi. Basi. Toka siku hiyo sijawahi kupeleka nyumbani samaki mbovu, na yule mzee kila nikimkuta namnunulia kahawa.

Bei nayo ina sababu zake, wachuuzi sio kwamba wanakuamulia tu. Kipindi cha upepo wa kusi bahari inachafuka, mashua ndogo nyingi hazitoki, samaki anapanda. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwahiyo mwezi ukiwa mkubwa dagaa wanakua wachache, ukiwa giza utawakuta wametapakaa kwenye vichanja. Mi siku hizi kabla ya kutoka nyumbani naangalia kwanza mwezi.

Alafu kubeba. Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 2019 ukienda mikono mitupu utanunua ile mifuko mbadala na itakuvujia kwenye boda mpaka kwenye suruali, beba ndoo yako yenye mfuniko. Kuna vijana wanaparua, wanatoa matumbo na kuchanja kwa mia tano au buku, wana kisu na mkono mwepesi, nusu dakika samaki mmoja kamaliza.

Lakini kama unataka kula palepale, na ndo ninachowashauri, mpeleke samaki wako kwa kina mama wanaokaanga. Karai kubwa juu ya kuni, mafuta yamejaa. Yule tunayempelekea sisi anampaka samaki chumvi, ndimu na kitunguu saumu alichotwanga mwenyewe, anaingiza mpaka ndani ya ile michanjo, anamuacha akae kidogo wakati anageuza wa mtu mwingine. Hamuweki mpaka adondoshe tone la ndimu kwenye mafuta, likilia kwa nguvu ndo anamshusha, taratibu, kuanzia mkia, kichwa mwisho. Mara moja nilimuuliza kwanini anaanza na mkia akanijibu "baba, nikianza na kichwa mafuta yananirukia usoni". Anamgeuza mara moja tu. Akitoka ana ganda la kukatika kwa meno na ndani bado kuna maji maji. Anakuletea na kachumbari, pilipili ya kusaga, na ugali au muhogo wa kukaanga. Hakuna meza ya maana, kuna benchi na sinia. Familia ya watu watano tulikula tukashiba kwa elfu ishirini na kitu pamoja na soda, nionesheni Masaki wapi utafanya hivyo.

Ukishiba na watoto wako na jua halijawa kali, magofu ya Kunduchi hayako mbali, msikiti wa kale na makaburi yenye minara ambayo wenyeji wa zamani walipachika mabakuli ya Kichina kwenye kuta. Wanangu walikua wanahesabu matundu ya mabakuli yaliyong'olewa. Ni sehemu tulivu, mibuyu mikubwa, na tulipoenda hapakua na mtu mwingine.

Jioni sasa. Jioni Tegeta inabadilika kabisa, kila kona ni moshi.

Kitimoto huku ni nyingi mno na sio zote nzuri. Kipimo changu ni kimoja, mizani iwe mbele na jiko nilione. Unaingia, unachagua mwenyewe kipande kwenye bucha lao, unasema hapo toa mafuta, ongeza mbavu, anapima unaona, alafu unaamua kavu au rosti. Kilo mara ya mwisho nimelipa elfu kumi na nne, ndizi wanahesabu mbali. Muulize atatumia muda gani, akikwambia dakika kumi ondoka, hiyo imeshapikwa toka mchana na inapashwa tu. Nyama mbichi ya nguruwe inataka dakika arobaini na zaidi ili iive mpaka ndani, na hii sio ya kubembelezana, ni afya. Mi naagiza alafu naenda kuchukua juisi ya miwa ya barabarani, buku, na tangawizi na ndimu isagwe palepale kwenye mashine, nikirudi nyama iko karibu.

Na watu wajue pia kilo inapimwa mbichi. Nimeshaona watu wanagombana na mchomaji kabisa, "kilo gani hii", wakati mbuzi akichomwa maji yanatoka na uzito unapungua, lazima ionekane ndogo. Ugomvi wa haki ni kama hukuiona ikipimwa.

Jirani yangu ni Mwislamu na tunatoka pamoja sana, wake zetu ni marafiki na watoto wanasoma wote. Nae hatuendi sehemu ya kitimoto hata kama wanasema wana kuku pia, maana karai ni lilelile na kisu ni kilekile. Tunakwenda sehemu ya mbuzi choma na mchemsho wa kuku wa kienyeji, jiko moja halali basi, na kila mtu anakula kwa amani. Naomba wenye sehemu mlizingatie hili, kama mna vyote viwili wekeni majiko tofauti na mpishi tofauti, na mwandike wazi, watu wengi mnawakosa kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu vinywaji, bia ni bia, sehemu nyingi kati ya elfu mbili na elfu mbili na mia tano, usiulize sana kuhusu bei uliza kuhusu ubaridi na bili. Hapa nina jambo limenitokea. Kuna baa moja huku, siitaji, siku ya dabi ya Kariakoo palikua pamejaa mpaka watu wanaangalia projekta wamesimama, sisi tulikua wanne, tumekunywa bia tisa na soda mbili. Bili imekuja bia kumi na nne. Nilimuita dada mhudumu kwa upole tu, akasema ndo zilivyoandikwa kaunta. Chupa alishazitoa zote mezani, sina ushahidi. Tulilipa, niliumia, sio kwa ile hela peke yake, niliumia kwa sababu yule dada alikua anatetemeka na niliona kabisa kama tusingelipa angekatwa yeye. Toka siku hiyo chupa tupu haitoki mezani kwangu mpaka nimelipa, na sehemu yenye watu wengi naweka vizibo kwenye kisahani. Mhudumu mzuri mwenyewe anakwambia kaka hesabu vizibo vyako kabla sijaleta bili. Sehemu kama hiyo narudi kila wiki.

Mke wangu yeye kipimo chake ni choo. Anaingia chooni kabla hatujaagiza, akitoka akiniangalia vile najua tunahama. Mwanzoni niliona ananichelewesha, ila amekua sahihi mara zote, sehemu isiyo na maji na sabuni chooni mpishi wake ananawia wapi?

Kelele pia. Kuna baa zimejengwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, spika zinaelekea barabarani, singeli mpaka saa nane usiku. NEMC, wale wa baraza la mazingira, walishapita jijini wakafungia baa kadhaa kwa hilo, wengine wamejirekebisha na wengine wanapunguza wiki moja alafu wanarudi palepale. Mi napenda muziki, zilipendwa za Jumapili jioni na bendi ndogo isiyozidi watu wanne naziacha kwa shida, lakini nataka nimsikie mwenzangu akiongea. Na watoto saa mbili usiku nawarudisha nyumbani, baada ya hapo sio mahali pao.

Jumapili baada ya misa kuna mbege, pombe ya ndizi. Hii kwa wale wa kwetu Kilimanjaro na wanaotaka kujaribu. Kuna mama upande wa kuelekea Wazo anapika nyumbani kwake, anaanza Jumatano, ndizi mbivu anachemsha na kuziacha zichachuke, anachuja, alafu anachanganya na uji wa kimea cha ulezi. Analeta magome ya mti wa msesewe toka Moshi, ndo maana ya kwake ina ule uchungu wa mbali ambao zingine za mjini hazina, nyingi ni tamu tu kama togwa. Babu yangu alikua anasema mbege ikikosa uchungu ni uji wa mtoto. Inauzwa kwa lita, mnakaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe, wazee wanaongea habari za mashamba, na saa tisa inakua imekwisha. Usiondoke nayo kwenye chupa iliyofungwa mpaka juu, bado inafanya kazi, italipuka kwenye gari. Legeza kifuniko.

Kingine cha Jumapili ni madafu na mihogo ya kuchoma, kijana anakaa na toroli upande wa baharini ukivuka barabara kwa miguu. Muhogo anauchana katikati, anamimina pilipili na chumvi na ndimu, anaufunga kwenye gazeti. Dafu umwambie unataka la maji au lenye nyama laini, analigonga kwa nyuma ya panga na kusikiliza, hajanikosea bado. Yupo kuanzia saa kumi, na kama hakuna mvua kufikia saa kumi na mbili na nusu toroli limeshabaki makumbi matupu.