Mafunzo ya taka na funza Manzese: kazi utaijua, soko utalitafuta mwenyewe

Niseme mapema: mafunzo haya ya kugeuza taka za kuoza kuwa mbolea ya mboji na funza wa kulishia kuku nayapendekeza kwa kijana anayeishi hapahapa mtaani na asiyeona kinyaa kushika taka. Anayetaka cheti cha kuambatanisha kwenye barua za kuomba kazi atafute kwingine. Matangazo ya "ajira za kijani kwa vijana" yamejaa kila kona ya Dar es Salaam, na semina nyingi nilizowahi kuhudhuria ziliishia ukumbini: maelezo ya tabianchi, posho, picha ya pamoja. Haya yalinipa kazi ya kufanya kwa mikono, ndiyo maana nimeona niyaeleze kwa urefu.

Yaliendeshwa na shirika dogo la kijamii pamoja na serikali ya mtaa. Darasa lilikuwa banda la mabati nyuma ya ofisi ya mtaa. Tulitoka Manzese, Tandale na Mabibo. Wengi wameishia kidato cha nne, baadhi la saba, wachache wana diploma iliyokaa bila kazi. Ada hakuna. Nauli na chai vipo, ila ukikosa bila taarifa hupewi. Kina dada wenye watoto wachanga waliruhusiwa kuja nao, na hilo liliwabakiza wengi ambao kwenye mafunzo mengine wangeacha wiki ya kwanza.

Eneo lenyewe ndilo kitabu. Soko la Mabibo liko jirani, na kila asubuhi linaacha milima ya maganda, mikungu ya ndizi, machungwa yaliyooza na maembe ya msimu. Sehemu kubwa ya taka za jiji hili ni za kuoza. Zikichanganywa na plastiki zinapakiwa zote kwenye gari na kuvuka jiji hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, au, gari lisipofika, zinaishia Mto Ng'ombe, na masika yakianza maji yanakosa njia na kuingia vyumbani mwa watu. Sisi wa mabondeni hatuhitaji kusomewa ripoti ili tuelewe hilo.

Kilichonigusa kuliko vyote ni wiki za nyumba kwa nyumba. Kabla ya kuonyeshwa funza hata mmoja, kila mmoja wetu alikabidhiwa nyumba za kuhudumia, akatambulishwa na mjumbe, akatakiwa kuwashawishi wenyeji watenge taka za kuoza kwenye ndoo yenye mfuniko. Mama mmoja aliniitikia shikamoo yangu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, taka nazilipia kila mwezi, leo unataka nizichambue tena?" Swali la haki kabisa. Jibu lililofanya kazi halikuhusu joto la dunia. Nilimwambia za kuoza tutazifuata wenyewe kabla hazijanuka, na gari la taka likichelewa, mfuko wake uliobaki hautaleta inzi wala panya. Akachukua ndoo. Baada ya hapo akawa ndiye anayewaambia majirani.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mafunzo ya aina hii lazima yafanyike mtaani, na watu wa mtaa. Mashine unaweza kuinunua, lakini ndoo safi ya maganda yasiyochanganyika na pampasi na vipande vya chupa hutaipata bila mtu anayekufahamu na kukuamini. Taka chafu huua funza na kuharibu mboji, na mwalimu wetu alikuwa mkali sana kwenye hili. Ndoo iliyochanganywa ilirudi kwa aliyeileta, akaichambue mwenyewe.

Funza wenyewe ni wa inzi mweusi ambaye wafugaji wanamwita BSF, kifupi cha jina lake la Kiingereza, black soldier fly. Wengi wetu tulimwogopa tukidhani ni sawa na inzi wa chooni, na tulivyofundishwa ni tofauti kabisa: akishakuwa mkubwa hahitaji kula, kwa hiyo hazunguki kwenye chakula cha watu. Anaishi siku chache, anapandana kwenye mwanga wa jua, jike anataga mamia ya mayai, anakufa. Chandarua chetu cha kufugia inzi kiliwekwa upande unaopigwa na jua la asubuhi. Ndani tulitundika vipande vya mbao vilivyofungwa pamoja, kwa sababu jike hutaga kwenye upenyo mkavu ulio karibu na chakula, si juu ya chakula. Mayai huanguliwa baada ya siku kama 4, na funza hula kwa takriban wiki 2 kabla hujavuna. Taka zikiwa na maji mno, funza hutoroka ndoo nzima usiku. Zikikauka wanaacha kula. Kipimo ni kiganja: kamua taka, likitoka tone moja moja, sawa.

Mikungu ya ndizi funza hawaiwezi, ina nyuzi nyingi. Hiyo huchanjwachanjwa na kwenda kwenye mboji pamoja na majani makavu na mabaki ya funza. Tulifundishwa kuchomeka nondo katikati ya lundo, kuiacha kidogo, kisha kuichomoa: ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika muda mrefu, lundo linafanya kazi, ikiwa ya uvuguvugu, pindua au ongeza taka mbichi. Lundo zuri hufika nyuzijoto 55 hadi 65, na joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vijidudu. Pia tulipelekwa kuona kiwanda cha mboji cha Manispaa ya Kinondoni kule Mabwepande, kilichotokana na ushirikiano na jiji la Hamburg. Ziara nzuri, ingawa banda letu la mabati lilinifundisha zaidi.

Sasa mapungufu, na haya nayasema kwa sababu nataka yarekebishwe. Somo la biashara lilikuwa jepesi mno. Tulielezwa kwamba dagaa na soya vikipanda bei wafugaji wa kuku watakimbilia funza, kwa kuwa wana protini nyingi. Ni kweli wanavutiwa, ila mfugaji mkubwa anataka funza waliokaushwa, uzito uleule kila wiki, mvua au jua. Kikundi cha vijana chenye makreti machache hakimudu hilo. Hakuna aliyetufundisha kukokotoa gharama ya kukausha, wala jinsi ya kuzungumza na mwenye duka la vyakula vya mifugo. Tuliyojifunza kuhusu soko tulijifunza baada ya mafunzo: funza wabichi tunawauzia majirani wenye kuku wa kienyeji na chotara, mboji tunawapelekea wauza miche na maua kando ya barabara. Kwetu mboji ndiyo inayolipa haraka.

Vifaa vya kinga navyo havikutosha. Glavu zilichanika mapema, buti zilikuwa za kupokezana. Kwa kazi ya kushika taka, yenye hatari ya sindano na vioo, hilo halikubaliki, na tulimwambia msimamizi hivyo.

Upande wa mtaji walijitahidi. Walitusaidia kuandika katiba ya kikundi, kusajili na kufungua akaunti benki, hatua zinazohitajika kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023 ikarejeshwa 2024, hivyo msikae mkiisubiri. Sisi tulianza na michango yetu.

Ukitaka kujiunga, uliza mapema mambo mawili: baada ya mafunzo banda linabaki kwa nani, na nani atawaruhusu kuendelea kukusanya kwenye nyumba mlizozizoea. Sisi tulipewa ruhusa ya maandishi na mwenyekiti wa mtaa, la sivyo kazi yote ingekufa. Tangazo la awamu mpya hubandikwa ofisi ya serikali ya mtaa na wakazi hupewa nafasi kwanza, kwa hiyo nenda na kitambulisho cha NIDA na utambulisho wa mjumbe wako. Buti, kama unazo, beba za kwako.