Chenso ikikata pumzi kwenye resi kubwa: uzoefu wangu na ripea kiti ya kabureta

Wadau wa mbao habari zenu. Nataka niongelee ripea kiti (pakiti ya vipuri vya kukarabatia) ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, ya chenso, yani msumeno wa cheni wa injini, maana huku Mafinga, Iringa naona watu wananunua kabureta nzima, wengine wanauza mashine kwa bei ya kutupa, kumbe kilichochoka ni vijipira viwili tu vya ndani.

Mashine yangu ni ile ya Kichina ya sisi 58 (cc, ukubwa wa injini). Nimeifanyia kazi kwenye paina na milingoti, kuangusha, kukata matawi na kupasua, na kwa bei yake kwa kweli sina lawama nayo. Shida ilikuja taratibu. Asubuhi inawaka bila kusumbua, kwenye sailensa (ikinguruma taratibu bila kubonyezwa) imetulia kabisa, ukigusa resi, yani kibonyezo cha kuongeza mwendo wa injini, kidogo inaitika, ila bonyeza resi mpaka mwisho uone, inapanda kidogo halafu inakata pumzi, sauti inashuka kama inataka kuzima, ukiachia inarudi kawaida. Ukiingiza kwenye gogo ndo kabisa, cheni inasimama katikati ya mti na baa (kile chuma kirefu kinachobeba cheni) inabanwa hapohapo, na hiyo ni hatari sio usumbufu tu.

Fundi mmoja aliiwasha, akasikiliza, akasema kabureta imekufa lete hela ya nyingine. Hata mfuniko hakufungua. Mimi nikaona nianze na vitu visivyo na gharama kwanza.

Eya kilina, chujio la hewa, ndo ya kwanza, na vumbi la paina lina utomvu, kuipuliza tu haitoshi, yangu ni ya wavu wa nailoni nikaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni nikaiacha ikauke kabisa. Plagi nikaitoa nikaipiga brashi. Kwenye ekzosi kuna kawavu kadogo ka kuzuia cheche, wengi hawajui kama kapo, kakiziba na masizi moshi hautoki na mashine inakosa nguvu kwenye resi kubwa tu, kwa hiyo toa, safisha kwa brashi ya waya, rudisha, usikatupe maana msituni wakati wa kiangazi cheche moja inatosha kuchoma shamba la watu. Halafu jaribio la mfuniko wa tanki: iwashe, ikianza kukata pumzi legeza mfuniko kidogo, ikipona basi tundu la kuingiza hewa kwenye tanki limeziba. Yangu haikupona. Hakikisha pia breki ya cheni haijashika na cheni ni kali, ikitoa unga badala ya chenga ni butu hiyo, na cheni butu inaifanya injini ionekane mgonjwa wakati ni mzima.

Filta ya mafuta, ile inayoning'inia mwisho wa mpira ndani ya tanki, nikaivuta kwa waya niliokunja ncha. Ilikuwa imejaa uchafu mweusi, ndo mafuta ya kwenye madumu tunayonunua vijijini hayo. Nikaweka mpya, ikapata nafuu ila haikupona.

Hapo ndo nikanunua ripea kiti, haikufika hata elfu ishirini. Ndani unakuta daiframu mbili, ndo vile vijipira vyembamba nilivyosema mwanzo, gaskiti zake za kuzuia kuvuja, sindano na kispringi. Daiframu moja ni ya pampu, inasukumwa na mpigo wa injini yenyewe ili ivute mafuta toka tanki, nyingine yenye kibonyezo cha chuma katikati ndo inafungua sindano kuruhusu mafuta yaingie. Zikikakamaa, kwenye sailensa huoni kitu kwa sababu injini inataka mafuta kidogo sana, ila ukibonyeza resi yote inataka mengi na pampu haiwezi kuyaleta, inabaki na njaa. Za kwangu nilizishika mkononi, zilikuwa zimejikunja pembeni na ukizibonyeza zinalia kama karatasi, mpya zinalegea zenyewe bila sauti. Chini ya kifuniko cha upande wa pampu kuna kawavu kengine kadogo sana, nacho kilikuwa na utando, nikakaosha kwa petroli na kupuliza vitundu vyote. Angalieni mpangilio wa gaskiti na daiframu wakati wa kufungua, nilipiga picha kwa simu kila hatua, maana pande mbili hizi hazifuati mpangilio mmoja na ukigeuza inavuja.

Baada ya kufunga ilibadilika palepale, resi inapanda moja kwa moja bila kusita. Kilichobaki ni skurubu ya H, ile ya kurekebisha mafuta ya resi kubwa, na hapa wa nyanda za juu tusikilizane. Mafinga tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mashine iliyosetiwa Dar ikifika huku inakula mafuta mengi kuliko hewa, inatoa moshi na inanguruma nzito. Nilisubiri ipate moto, nikabonyeza resi yote nikakaza H kidogokidogo mpaka sauti ikanyooka, halafu nikairudisha nyuma kidogo mpaka ikaanza tena kumisi (kusitasita) kwa mbali ikiwa hewani bila kukata kitu, ila ukiingiza kwenye mti inasafishika. Usiikaze mpaka ipige kelele ya juu sana kwa kufurahia spidi, hiyo mashine inakosa mafuta na mafuta ndo yamebeba oili, pistoni itakwaruza silinda na hapo ripea kiti haikusaidii tena. Oili ya 2T, ile ya kuchanganya na petroli, nafuata kitabu cha mashine yangu, 25 kwa 1, yani mililita 40 kwa lita moja ya petroli, na sichanganyi ya kukaa mwezi mzima.

Kiti yenyewe naipa alama nzuri. Lawama yangu ni gaskiti zake nyembamba zinachanika ukizibandua kwa haraka, na haina karatasi yoyote ya maelekezo. Kabla hujalipa soma namba zilizopigwa kwenye mwili wa kabureta, au beba daiframu yako ya zamani mpaka dukani uzilinganishe tundu kwa tundu, kwa sababu kuna kiti zinafanana kwa macho na kibonyezo cha katikati kimepishana urefu, hiyo ukiifunga mashine ama inafurika ama inarudi kukata pumzi vilevile.