Ziara ya DMZ, Vietnam: pesa yako mpe kiongozi

Nilichukua ziara ya kutwa nzima kutoka Hue kwenda mkoa wa Quang Tri, pande za mto Ben Hai, ulioigawa Vietnam kaskazini na kusini baada ya mapatano ya 1954; ukanda wa kandokando yake ndio DMZ, eneo lililokatazwa majeshi. Basi lilikuwa bovubovu na chakula cha mchana, mh, tuyaache. Kilichonifurahisha ni kiongozi wetu wa watalii.

Kwanza alitupeleka Dong Ha, kwenye kituo cha Project RENEW kinachoelimisha watu kuhusu mabomu yaliyobaki ardhini tangu Vita vya Vietnam. Pale nilikiona kibomu cha mtawanyiko, vile vinavyomwagwa vingi kutoka bomu moja kubwa: kidude cha mviringo, kimejaa kutu, kinaenea kiganjani. Mtoto akikiokota atadhani ni mpira. Quang Tri bado ina vingi vya namna hiyo, na wakulima huvifukua kwa jembe. Kwa hiyo amri ikawa: chuma usichokijua usikiguse, usikipige teke, na ukibanwa na haja uliza choo, vichakani usiingie. Wenzetu wawili walitaka kukatisha porini wapige picha. Kiongozi aliwarudisha njiani kwa sauti ambayo hakuna aliyebisha.

Khe Sanh, kambi ya Wamarekani iliyozingirwa siku 77 mwaka 1968, sasa ni udongo mwekundu, mibuni, helikopta kuukuu na makumbusho madogo. Wachuuzi watakufuata na risasi na vibati vya majina ya wanajeshi. Vingi ni feki, na risasi ikionekana kwenye begi lako uwanja wa ndege utajieleza mpaka ndege ikuache.

Vinh Moc ndiko nilikoduwaa. Wanakijiji walichimba mahandaki ya ngazi tatu, ya chini kabisa ikiwa mita 23 hivi, wakahamia humo kukwepa mabomu ya ndege. Humo walizaliwa watoto 17. Chumba cha kujifungulia ni kishimo tu ubavuni mwa njia. Mkunga na mzazi sijui walijipangaje. Vaa viatu visivyoteleza, beba tochi, na kama wewe ni mrefu utatembea umeinama. Mwenye pumu au anayeogopa sehemu finyu asijilazimishe, aangalie makumbusho ya juu.

Nyota nne. Ya tano nimewanyima kwa kutukimbiza Vinh Moc ili tuwahi kurudi Hue. Mkiwa kikundi, kodini gari lenu na kiongozi mwenyeji wa Quang Tri, na mlale Dong Ha.