TAHADHARI: Wakala wa "siku tatu Roma baada ya meli" ametuingiza mjini

Ndugu zangu mlioko Ulaya, na ninyi wa nyumbani mnaowaandalia wazazi safari: kama kwenye kundi lenu la WhatsApp limepita tangazo lenye picha ya meli nyeupe, nyuma yake Colosseum, na maneno "Msihangaike na mabegi, Mtanzania mwenzenu yupo Roma", msitume hela. Kama umeshatuma, acha kusoma, ipigie benki yako sasa hivi, ukimaliza urudi hapa.

Mimi nimelipa euro 780. Nyumba niliyolipia haipo, dereva hakuja, na tiketi mbili nilizopewa zilikuwa za watu wengine. Jina la huyo wakala silitaji kwa sababu lile alilonipa naamini si lake, na tangu wakati huo ameshabadilisha jina na picha. Ninachoweza kuwapa ni namna anavyofanya kazi.

Nianze na mama, maana bila yeye nisingeliwa kirahisi hivyo. Mama yangu ni wa Bukoba, na yumo WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki Tanzania, tangu mimi sijazaliwa. Kwake Roma ni mji ambako Laurean Rugambwa wa kwetu alifanywa kardinali mwaka 1960. Hayo ya magofu na aiskrimu hayamhusu. Alipokuja kunitembelea Ujerumani, mimi na mdogo wangu tukachanga, nikampeleka safari ya meli ya kitalii, usiku saba, kuanzia Barcelona mpaka Civitavecchia, kisha tumalizie na siku tatu Roma.

Hapo penye kumalizia ndipo jamaa alipopiga kambi. Ambaye hajapanda meli hizi pengine hajui asubuhi ya mwisho ilivyo. Usiku mnatoa mabegi nje ya mlango wa chumba yakiwa na lebo za rangi, asubuhi mnaitwa kwa rangi zenu, na kwenye saa mbili mko bandarini, chumba si chenu tena. Civitavecchia kwenyewe si Roma. Ni mji mwingine, kilomita kama 70 kutoka Roma. Nyumba nyingi za kupanga hukupokea kuanzia saa tisa alasiri. Kwa hiyo una saa saba mkononi, mabegi manne, na mama mwenye goti bovu. Mtu akikwambia "dereva wangu atawasubiri na kibao chenye jina lenu, na nyumbani mabegi tunayapokea saa nne asubuhi", unamwona malaika. Nimegundua baadaye kwamba hajishughulishi kabisa na watu wanaofika Roma kwa ndege. Anawataka wa meli tu, kwa sababu wana saa ya kushuka isiyobadilika na wana hofu ya mabegi.

Alinipata kwenye kundi letu. Niliuliza tu, jamani, nani amewahi kutoka bandarini mpaka Roma na mtu mzima? Dakika kumi hazijaisha akanifuata pembeni. Kiswahili chake safi, cha Dar. Hakuniuliza habari ya hela. Aliniuliza mama ana umri gani, anatumia fimbo au hapana, anakula nini. Kisha akaomba kumsalimia. Ukaja ujumbe wa sauti: "Shikamoo mama, karibu sana Roma, mimi mwanao nipo, usiwe na wasiwasi." Mama akaitika marahaba, akamwombea baraka, akaniambia, "Huyu kijana amelelewa." Basi. Baada ya hapo mimi nani niombe kitambulisho?

Bei alinitumia kwenye karatasi yenye nembo: gari kutoka bandarini euro 120, nyumba usiku tatu mtaa wa Prati, karibu na Vatikani, euro 420, na "viingilio vyote bila foleni" euro 240, yaani Colosseum, Makumbusho ya Vatikani na Basilika la Mtakatifu Petro. Niliona ni ghali kidogo, ila si ya kutisha. Bei ya kutisha ingeniamsha.

Sasa hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla. Tulipokwenda sisi, tiketi ya kawaida ya Colosseum kwenye tovuti rasmi ni euro 18, na inakuingiza pia magofu ya jirani, Foro Romano na kilima cha Palatino. Makumbusho ya Vatikani ni euro 20, ukinunua mtandaoni wanaongeza 5. Kuingia Basilika ni bure. Bure kabisa; unapanga foleni ya ukaguzi wa usalama na unavaa mavazi ya heshima, basi. Kwa watu wawili ni euro 86. Yeye alichukua 240, na ndani yake alinikatia tiketi ya kuingia kanisani.

Kulipa alitaka nitume kwa akaunti, si kwa kadi. Sababu yake: "kadi inakula asilimia, mama asije akakosa hela ya zawadi". Namba ya akaunti ilianza na herufi LT, yaani ya Lithuania, wakati yeye ofisi yake eti Roma. Hilo peke yake si kosa, wengi tuna akaunti za simu za huko. Lakini nilipoandika jina la kampuni, programu ya benki ikaniwekea onyo: jina halilingani na mwenye akaunti. Tangu Oktoba 2025 benki za nchi za euro zinatakiwa kulinganisha jina na namba kabla hujatuma. Nikamwuliza. Akacheka, akasema akaunti ni ya mhasibu wake, bonyeza tu endelea. Nikabonyeza. Kile kidole changu nikikiangalia sasa natamani kukichapa.

Kwa sababu benki, nilipokwenda kulalamika, walinifungulia kumbukumbu wakanionyesha: siku fulani, saa fulani, tulikuonya, ukaendelea. Hawakuwa wakali. Wameahidi kuiomba benki ya upande wa pili irudishe, ila hela zilitumwa kwa njia ya papo kwa papo, na yule dada wa kaunta alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

Kulikuwa na alama nyingine, na hii inaniuma kuliko zote kwa sababu ilihitaji dakika moja tu. Ratiba aliyonitumia iliweka Makumbusho ya Vatikani siku ya Jumapili, na ilikuwa Jumapili ya pili ya mwezi. Makumbusho hayo hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi. Mwenyeji wa Roma anayeishi kwa kupeleka wageni Vatikani hakosei hilo, kama ambavyo kuli wa Kariakoo hasahau gulio liko wapi.

Siku yenyewe sasa. Tumeshuka Jumamosi. Getini watu na vibao vyao, majina ya kila taifa, letu hakuna. Nikatuma ujumbe, tiki mbili. Baada ya nusu saa nikatuma mwingine, tiki moja. Nikapiga, haipatikani. Mama kakaa juu ya begi lake anakula biskuti aliyobeba kutoka melini, ananiambia, "Labda foleni, mwanangu." Akaja bwana mmoja na gari jeusi, Roma euro 250, akaanza kushika begi. Nikamwambia hapana, akashuka mpaka 200, nikashika begi langu kwa nguvu zaidi.

Mfanyakazi wa bandari ndiye aliyetuokoa kwa neno moja: basi. Kuna basi la bure linalokutoa kwenye meli mpaka Largo della Pace, na kutoka pale unafika stesheni. Treni ya kawaida kwenda Roma ni saa moja hivi, nauli ni euro chache tu, na ukiwa na tiketi ya karatasi uigonge kwenye kimashine kabla ya kupanda, usije ukapigwa faini. Inasimama Roma San Pietro kabla ya kufika Termini, stesheni kuu. Tulishuka pale, na ukisimama stesheni kuba la Basilika unaliona hilo hapo. Mama aliacha kuburuta begi. Alisimama, akapiga ishara ya msalaba, hakusema kitu. Mimi nilikuwa bado najaribu namba ya dereva.

Prati anwani ipo, jengo lipo, zuri kweli. Jina la nyumba yetu halipo kwenye kengele. Mlinzi wa jengo alipoona karatasi yangu hakuimaliza kusoma. Akainua vidole vitatu. Sisi tulikuwa wa tatu. Picha nilizotumiwa ni za nyumba nyingine, na mlinzi akanionyesha kwa kidole kwamba madirisha ya kwenye picha hata hayafanani na ya jengo lake. Akanionyesha na kitu kingine: pembeni ya mlango, kibandiko chenye namba iliyoanza na IT, ya nyumba halali iliyomo mle ndani. Tangu Januari 2025 kila nyumba ya kupangisha watalii Italia lazima iwe na namba hiyo, CIN, nje ya jengo na kwenye tangazo lake. Tangazo langu halikuwa nayo. Mwenye namba atakupa bila kununa. Anayekuzungusha, achana naye.

Tulilala kwa masista, mtaa wa pili. Roma imejaa nyumba za mashirika ya kitawa zinazopokea wageni; safi, bei ya binadamu, ila lango linafungwa usiku na ukichelewa ni shauri yako. Mama alifurahi kuliko angelala hoteli. Jumapili tulikwenda uwanja wa Mtakatifu Petro, saa sita mchana Papa Leo akatokea dirishani kwa sala ya Malaika wa Bwana. Hilo nalo ni bure, halina tiketi, na halikuwemo kwenye ratiba ya wakala.

Jumatatu nikasema, angalau tiketi za Colosseum tunazo, zina mchoro wa kuskani na kila kitu. Kumbe tangu Oktoba 2023 tiketi zile zinaandikwa jina la mgeni, na mlangoni unatoa pasipoti. Mlinzi akaskani, kimashine kikalia vibaya: zimeshatumika. Akasoma majina kwa sauti, la kwanza lilikuwa la Dolores fulani, akamtazama mama. Mama akanigeukia, akaniuliza kwa Kihaya, kisha kwa Kiswahili ili nisikose kuelewa: "Huyu Dolores ndiye nani?" Nikakosa jibu. Ndugu zangu nyumbani sasa wanamwita Mama Dolores, na yeye anaitika.

Tiketi rasmi za siku ile zilikuwa zimeisha. Nje pale wapo vijana wenye vizibao wanauza nafasi kwa bei mara tatu na nne. Msishangae tiketi zinakwenda wapi: mwaka 2025 mamlaka ya ushindani ya Italia ilitoza faini za karibu euro milioni 20 kwa kampuni zilizohusika na uuzaji wa tiketi hizo, kwa makosa yakiwemo ya kuacha roboti za kompyuta zizinyakue kabla ya mtu wa kawaida. Rasmi zinafunguliwa siku 30 kabla, na ukitaka ukae macho siku hiyohiyo. Mama alilitazama jengo kwa nje dakika kumi, akasema, "Nimeshaliona. Twende tukale."

Nimeripoti polisi huku Ujerumani, mtandaoni, nikaambatanisha picha za skrini, namba ya akaunti na ule ujumbe wa shikamoo. Wawili wameshaniandikia kwamba wamelizwa hivyohivyo, mmoja yuko Uholanzi, na kwake wakala aliomba kumsalimia baba yake.

Juzi rafiki yangu kanirushia tangazo jipya. Meli ileile nyeupe, safari hii nyuma yake kuna Sagrada Família, lile kanisa maarufu la Barcelona: "Siku tatu Barcelona baada ya meli, Mtanzania mwenzenu yupo." Namba mpya. Nilipoitumia ujumbe kwa simu ya mdogo wangu, ilijibu haraka, kwa adabu, ikauliza kama tunasafiri na mzazi.

Waliolipia hiyo Barcelona, msisubiri meli ifike. Ipigieni benki leo mkaombe muamala urudishwe, kila siku inayopita hela inazidi kusogea. Na sauti zake msizifute hata akiwaudhi, polisi wameniomba nyingine za kulinganisha. Nitumieni.