Tiketi tulikuwa nazo na faini tukalipa: mimi na mama kwenye treni za Berlin

Tumesharudi Dar kitambo, lakini nikikumbuka bado moyo unaniwaka. Mwaka juzi, baridi ikianza, nilimpeleka mama Berlin kumwona mdogo wangu aliyekuwa amejifungua. Mama ana miaka sabini na kitu, mtu wa Tanga, na sijawahi kumwona akipanda chombo bila nauli. Hata kwenye daladala, konda akichelewa kumfikia, mwenyewe humwita: "Baba, nauli yako hii hapa." Huyo ndiye aliyesemwa kama mwizi ndani ya treni, watu wanatazama.

Ilikuwa hivi. Tumetua BER, ule uwanja mpya uliofunguliwa 2020, kituo cha treni kiko chini yake hapohapo. Nauli za Berlin huenda kwa kanda: A na B ni za mjini, C ni ya nje ya mji. Uwanja uko kanda C, kwa hiyo tiketi ya AB ya mjini haitoshi, lazima ukate ya ABC. Hilo mdogo wangu alinionya. Nikakata mbili kwenye mashine, kila moja chini ya euro tano. Mama akaikunja yake, akaifunga kwenye pindo la kanga aliyojitanda ndani ya koti. Tukaenda jukwaani. Hakuna geti, hakuna mtu wa kukuuliza. Treni ikaja, tukapanda.

Hakuna aliyetuambia kuhusu kiboksi. Kiko jukwaani, vituo vingine chekundu, vingine cha njano, kina mdomo mwembamba. Unachomeka tiketi, kinaigonga saa na jina la kituo, ndipo inaanza kufanya kazi. Bila muhuri huo, kwao ni sawa na kutokuwa na tiketi. Tiketi yenyewe imeandikwa bitte entwerten, Kijerumani cha "tafadhali gonga". Mgeni aliyetoka kwenye ndege usiku kucha, na mizigo minne, atajuaje?

Vituo vichache mbele, milango ikajifunga, vijana wawili waliovaa jinzi na majaketi kama abiria wengine wakatoa vitambulisho. Wakaguzi. Nikatoa yangu bila wasiwasi. Mama akaanza kufungua fundo la kanga. Vidole vyake vina baridi yabisi, fundo lilikuwa limekaza, na yule mmoja akawa anampigia vidole, ta ta ta, afanye haraka. Mama yangu! Alipoipata akamkabidhi kwa mikono miwili, kama anavyokabidhi kila kitu. Kijana akaigeuza mbele na nyuma, akasema haijagongwa, tunasafiri bure.

Nikamwonyesha tiketi za ndege tuliyotoka nayo, nikamwonyesha lebo za uwanja ambazo bado zilikuwa zinaning'inia kwenye mabegi. Akanijibu kwamba kila mtu husema hivyo, na kama sitaki kutoa pasipoti ataita polisi. Mama akaniuliza, "Anasemaje, mwanangu?" Nikamwambia, "Anauliza tunakwenda wapi, mama." Akamtazama yule kijana akitabasamu. "Mwambie tunakwenda kumwona mtoto."

Wakatushusha kituo ambacho si chetu, upepo unakata, wakatuandikia euro 60 kila mmoja. Jumla 120, kwa tiketi tulizokuwa tumezilipia! Baadaye nikawaandikia barua pepe kuomba wafikirie upya. Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa, mistari mitatu: kugonga ni wajibu wa abiria.

Usiku ule niliapa kwamba nitawaambia watu wote wasizipande treni zile. Lakini nitakuwa mwongo, maana siku zilizofuata tulizipanda kila siku na nilizipenda. Ubao unasema dakika nne, kweli inakuja baada ya dakika nne. Kuna treni ya duara, S41 upande mmoja na S42 upande wa pili, inalizunguka eneo la katikati ya mji kwa saa moja na kukurudisha ulipopandia, wala haitoki nje ya kanda za AB. Wikiendi treni zinatembea hadi alfajiri. Na basi! Mara ya kwanza dereva alipomwona mama, alilishusha basi upande wa mlango likalala karibu na ukingo wa barabara, mama akapanda bila kushikwa mkono. "Limenipigia goti," akasema, na siku nzima akawa analisimulia. Hapo nilikuwa tayari kuupa usafiri wa mji huu nyota nne kati ya tano.

Sasa naandika na nyota zinapungua. Mji ulioamua kutokuweka mageti umeamua kuwaamini watu. Kwa nini basi anayekuja kukagua afundishwe kutomwamini bibi mwenye tiketi mkononi? Mngeweza kutuambia shukeni, mgonge, mpande inayofuata. Natoa mbili, na zote ni za dereva wa basi.

Ukienda, gonga kabla ya kupanda. Kwenye basi kiboksi kiko ndani, kwenye treni kiko nje jukwaani. Ukikata kwa simu huna haja ya kugonga.

Mama hakuifunga tena tiketi kwenye kanga. Siku zote zilizobaki aliishika mkononi safari nzima, na kila kijana mwenye jaketi aliposimama kujiandaa kushuka, mama aliinyanyua juu aione.