Kusafisha bomba la draya kwenye nyumba ya zamani: uzoefu wangu Lowell, Massachusetts

Huduma hii ya kusafisha bomba linalotoa nje hewa ya draya, yaani mashine ya kukaushia nguo, nimeilipia kwa moyo mmoja na nitailipia tena. Naandika hasa kwa ndugu zangu mnaoishi kwenye nyumba za zamani huku Marekani, maana kwetu shida haiko kwenye uchafu peke yake, iko kwenye bomba lenyewe.

Nyumba yetu ni ya mbao, ya miaka ya 1920. Ilipojengwa hakuna aliyewaza habari za draya. Mashine ililetwa baadaye sana, ikawekwa besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, na bomba la kutolea hewa likapitishwa popote palipopatikana upenyo: linapanda hadi darini, linakata kona, linakata nyingine, ndipo linatokeza nje ubavuni mwa nyumba.

Taulo zikawa zinatoka na unyevu hata zikizungushwa mara mbili, na juu ya mashine hapashikiki kwa moto. Chujio tulikuwa tunalisafisha kila tukifua. Lakini chujio halinasi kila kitu. Manyoya laini ya pamba, hasa ya taulo mpya na mablanketi, hupita na ile hewa ya moto yenye unyevu, yakagandia ndani ya bomba, na zaidi kwenye kona. Hewa ikikosa njia, joto hubaki kwenye mashine, na manyoya makavu yanashika moto upesi sana.

Kampuni ya kwanza ilikuwa ya bei rahisi. Fundi wao alichomeka kifyonza vumbi nyuma ya draya, akapitisha kidogo, akadai hela yake akaondoka. Taulo zikaendelea kutoka mbichi.

Wa pili ni fundi anayejitegemea, jirani ndiye aliyetuelekeza kwake. Huyu kabla hajagusa chochote alitoka nje, akapima kasi ya hewa pale bomba linapoishia, akaniandikia namba. Kisha akaingiza brashi ndefu inayozungushwa na drili, huku kifyonza kikivuta upande wa pili. Kilichotoka kilikuwa bonge la kijivu, zito kwa unyevu, limeshikamana kama sufu iliyokandamizwa, na ndani yake soksi ya mtoto na majani makavu ya kiota cha ndege. Nje kulikuwa na wavu ambao mtu aliufunga zamani kuzuia ndege. Wavu wote ulikuwa umezibwa na manyoya, hapapiti mwanga. Akautoa, akasema kanuni za ujenzi zinaukataza kwa sababu hiyo hiyo, akaweka kifuniko kinachojifungua kwa nguvu ya hewa.

Ila hela yangu naona ilifanya kazi zaidi baada ya hapo. Alinionyesha kwamba kipande cha nyuma ya mashine kilikuwa mpira mweupe wa plastiki wenye waya, aina inayoyeyuka na kuwaka, na kwamba mabomba ya bati yaliunganishwa kwa skrubu ndefu zilizochomoza ndani, kila moja imenasa fungu lake. Akaweka bomba gumu la chuma la inchi 4, maungio akayafunga kwa utepe wa alumini. Akanieleza pia kanuni ya urefu: mwisho ni futi 35, na kila kona ya digrii 90 inakula futi 5. Kona yetu moja akaiondoa. Mwisho akapima tena hewa, nikaona tofauti kwa macho yangu.

Alimulika pia tochi ukutani. Nyumba nyingi za mbao za enzi ile zina uwazi ndani ya kuta kutoka besimenti moja kwa moja hadi chini ya paa, bila kizuizi chochote. Moto ukianzia chini hupandia humo. Kwa hiyo king'ora cha moshi kiwepo na besimenti, si vyumbani tu.

Takwimu za Zimamoto ya taifa la Marekani za 2008 hadi 2010 zinataja mioto ya draya majumbani ipatayo 2,900 kwa mwaka. Sababu iliyoongoza ni kutosafisha, na mwezi mbaya kuliko yote ni Januari. Inaeleweka. Huku Januari, kwa baridi ile, nani ataanika nguo nje?

Draya yetu ni ya gesi, kwa hiyo bomba likiziba kuna hatari ya monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Theluji ikianguka nyingi, toka ukafukue pale bomba linapotokea.

Lawama ninazo. Alichelewa bila kupiga simu, na ngazi za besimenti alituachia vumbi. Kubadilisha bomba hakukuwemo kwenye bei ya mwanzo, ingawa aliniambia kabla ya kuanza. Jumla ilizidi kidogo dola 300. Kama bomba lako ni fupi, limenyooka, na draya ni ya umeme, nunua brashi ujifanyie mwenyewe. Ya gesi usiivute peke yako, utalegeza mpira wa gesi. Mpangaji, mwandikie mwenye nyumba, ujumbe ubaki kwenye simu.

Na ukimpigia fundi, muulize kama anapima hewa kabla na baada ya kazi. Akikwambia hana haja ya kutoka nje kuona bomba linapoishia, tafuta mwingine.